Kiti cha Ukata

Nyumbani kwa marehemu dada yangu, kando ya mlango, kuna kigoda ambacho hakijawahi kukaliwa na mtu. Ni kigoda cha mti cha kawaida, cha miguu mitatu, na mguu mmoja umefupika kidogo kiasi kwamba hulia ukikigusa. Mama yetu ndiye aliyekiweka. Dada alipohamia vyumba vyake viwili vya kupanga, alikibeba mwenyewe kichwani kabla hata ya kitanda. Siku ya msiba watu walipojaa wakakosa pa kuketi, mama mmoja wa kwaya alikivuta ili akikalie, nami nikajikuta nimemshika mkono.

"Hapo pana mtu," nikamwambia.

Aliniangalia, akakiangalia kigoda kitupu, kisha akaenda kuketi mkekani.

Mazikoni zilisemwa habari chache za dada: alikuwa mpiga pasi, alikuwa mcha Mungu, ameacha binti mmoja. Yote ni kweli. Lakini aliyesikia hayo tu hakumjua, na mimi sitaki alale ardhini kama mtu asiyejulikana.

Habari za dada zinaanza na mama. Mama yetu alikuwa akifua nguo za watu. Siku moja, akiwa kwenye baraza la fundi cherehani akisubiri mzigo wa kufua, alisikia redio ikisema kuna sehemu kadhaa zinakabiliwa na ukata. Msomaji wa habari alilitamka neno hilo taratibu, kwa sauti nzito, bila woga, kana kwamba anamtaja mkubwa fulani aliyekuwa ziarani. Mama alirudi nyumbani amechangamka kama aliyeletewa posa.

"Kumbe umaskini una jina la ofisini!" akatuambia.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akilitaja lile jina la kwanza.

Kwetu nyoka haitwi nyoka jua likishazama. Huitwa kamba, asije akadhani kuna anayemhitaji. Mama aliona hata yule mwingine ana masikio. Ukimwita kwa jina la nyumbani, alisema, atakuja kama ndugu; ataingia mpaka chumba cha ndani, atakula sahani moja nawe, na hutampata wa kumtoa. Lakini ukimwita kwa jina la ofisini ataona hapa anaheshimiwa. Atakaa mlangoni kama wanavyokaa wageni wa heshima, na akichoka kusubiri ataaga. Ndipo akamwekea kigoda. Tangu hapo ikawa mwiko kulitaja jina la nyumbani ndani ya nyumba yetu, na ikawa mwiko kukikalia kile kigoda.

Basi ukata ukawa neno letu la kila siku kama chumvi. Mafuta ya taa yakiisha, mama alisema, "Ukata kapuliza taa, laleni." Tukikomba sufuria kwa fujo, "Taratibu, Ukata atasikia mlio huo akadhani mnamkaribisha." Kiatu kikitoboka, "Huyo Ukata anachungulia kidole." Mimi nilidhani nyumba zote zinaongea hivyo, mpaka nilipoanza shule na watoto wenzangu wakatupa jina. Walituita Taarifa ya Habari.

"Taarifa ya Habari, leo mmekula nini?"

Mimi nilikuwa napigana. Dada hakupigana hata siku moja. Yeye aliwajibu huku anatabasamu, "Hatukula, ila tulikuwa na mgeni." Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na mwisho wakachoka.

Mama alipofariki dada alirithi vitu viwili, kigoda na pasi ya mkaa. Pasi yenyewe ilikuwa ya chuma kizito, ile yenye jogoo mdogo mbele wa kufungia kifuniko. Kwa pasi hiyo alinisomesha mimi mpaka kidato cha nne, na kwa pasi hiyo alimlea binti yake baada ya baba mtu kwenda kutafuta maisha na kuyapata huko huko. Alipanga kibaraza kinachotazama barabara, akaweka meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake. Hapo alisimama tangu asubuhi.

Ningeweza kumtazama akifanya kazi mpaka nikasahau nilichotumwa. Aliibembeza pasi huku na huku ili makaa yapate upepo, akapuliza majivu kwa pembeni yasiruke kwenye nguo, akalowesha kidole na kugusa chuma chini. Kikilia tsii kwa ukali, alisubiri. Kikilia kwa upole, alianza. Suruali za walinzi, sare za manesi, sketi za shule zenye marinda, majoho yetu ya kwaya, vyote vilipita mikononi mwake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Fundi viatu aliyekuwa jirani yake pale barazani alizoea kusema kwamba suruali ikitoka kwa dada, mwenye nayo aangalie asijikate.

Huyo fundi alikuwa mtu wa mizaha, na alimjua Ukata kama sisi. Kila asubuhi alipita mlangoni kwa dada kuchukua moto, akainama mbele ya kigoda.

"Shikamoo, mzee Ukata!"

"Mwache mgeni wa watu," dada akamjibu kutoka ndani.

"Nasalimia tu, shemeji. Mwambie akichoka hapa asije kwangu. Kwangu hakuna kiti, atakaa mapajani!"

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini nilimwona, kila alipofagia, anavyokizunguka kile kigoda kwa ufagio bila kukisogeza hata kidogo, na anavyopunguza sauti akipita karibu nacho. Mara moja nilimwambia, "Dada, sisi ni watu wa kanisa. Haya mambo ya kuogopa kigoda yanatuhusu nini?"

"Kitinda," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita mimi mtoto wa mwisho, "Mungu namwogopa. Huyu namheshimu tu. Ni tofauti."

Binti yake tulimwita Mkunga tangu akiwa mdogo, kwa sababu midoli yake yote ilikuwa na mimba na yeye ndiye aliyeizalisha. Jina halikuwa mzaha peke yake. Alipomaliza shule alipata nafasi katika chuo cha ukunga, na furaha ya dada siku ile siwezi kuieleza. Alilipiga pasi shuka moja mara mbili bila kujua. Lakini nafasi ile ilikuwa na kizingiti. Asiye na uwezo wa karo alipaswa kwenda na mzazi wake mbele ya kamati ya misaada, mzazi ajieleze kwa mdomo wake, kamati iamue. Ikikataa, nafasi inakwenda kwa mwingine na Mkunga anarudi kubeba makaa.

Dada alituandaa kwa jinsi alivyojua yeye. Alilipiga pasi gauni lake la bluu, sketi ya Mkunga, na nguo zangu mimi niliyekuwa nawasindikiza. Alitumia wanga, alitumia kitambaa kibichi, aliinyoosha kola mpaka ikasimama yenyewe. Kwake yeye, kwenda mbele ya wakubwa na nguo iliyokunjamana ni matusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Tulipoingia ukumbini ndipo nilipoona. Kwenye mabenchi waliketi wazazi wenzetu wakiwa wamevaa kandambili zilizofungwa waya na mashati yasiyo na vifungo. Wengine, naamini, waliyavua mazuri wakayaacha nyumbani. Sisi tuliingia tumenyooka kama tunakwenda kufunga ndoa. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikiwa, "Na hawa nao wamekuja kuchukua, au kugawa?"

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa miwani, si mtu mbaya. Kushoto kwake alikaa mwanamke mnene aliyejipepea na kipande cha boksi. Alimwangalia dada kuanzia kola hadi pindo.

"Mama, mbona umependeza kuliko mimi?" mwenyekiti akaanza. Ukumbi ukacheka.

"Asante, mzee wangu."

"Sikukusifu, nimeuliza. Wote hapa wanasema hawana. Wewe unasemaje?"

Dada alisimama vizuri, mikono mbele. "Mzee wangu, kwetu Ukata anakaa tangu enzi za mama. Amekaa mlangoni. Hajaondoka."

"Nani anakaa?"

"Ukata."

Yule mwanamke mnene aliacha kujipepea. "Mama, hapa si kwenye taarifa ya habari," akasema. "Sema Kiswahili cha nyumbani. Una uwezo au huna?"

"Ukata ametuzidi, dada yangu."

"Mama," mwenyekiti akasema, sasa bila kucheka, "nina watu wengi nyuma yako. Nikikuangalia naona mtu anayejiweza, na nikikusikiliza nasikia hotuba. Niambie neno moja linaloeleweka, niandike au nisiandike. Wewe ni maskini?"

Nilimwona Mkunga anamtazama mama yake. Hakumsihi wala hakumvuta nguo, alimtazama tu. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka polepole, na gauni la dada halikucheza, kwa jinsi lilivyokuwa limekaza kwa wanga. Nikajua anachopima. Neno hilo hakulitamka alipomzika mama, wala mumewe alipomtupa, wala siku zile tulipolala na maji tumboni.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ni maskini. Mimi na mwanangu ni maskini."

"Sasa hilo tumelielewa," mwenyekiti akasema, akaandika.

Mkunga alipata. Nje ya ukumbi alimkumbatia mama yake huku akilia, nami nikaanza kuimba pambio palepale kwenye ngazi. Dada alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa barabarani nyuma yetu, kama mtu anayeangalia nani anamfuata.

Alasiri ile ile alirudi mezani kumalizia joho langu la kwaya, maana nilikuwa na ibada siku iliyofuata. Mvua ilitishia, kwa hiyo meza tuliiingiza chumba cha ndani. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nilisikia kigoda kinalia kule mlangoni, mlio wake ule mfupi, nikadhani Mkunga amekigusa. Mkunga alikuwa uani. Kisha nikasikia harufu.

Nilipoingia, dada alikuwa amesimama mkono ukiwa juu, pasi imeinuliwa. Mgongoni mwa joho jeupe palikuwa na alama ya kahawia, ncha mbele, duara nyuma. Mpiga pasi yeyote anaijua alama hiyo. Lakini dada aliitazama kama vile anaiona mara ya kwanza, na mimi nikaiona kwa macho yake: ilikuwa kama unyayo. Unyayo wa mguu mmoja, unaoelekea ndani.

"Ameingia," dada akasema.

"Nani, dada? Umechoka tu. Umeshinda umesimama tangu asubuhi."

Aliiweka pasi chini, akaenda mlangoni, akakitazama kigoda kwa muda. Aliporudi alilikunja joho, akalishona rinda moja mgongoni ili alama ijifiche. Alilishona vizuri sana. Nalivaa mpaka leo, na nikiwa nimesimama kwenye kwaya nahisi pale mahali, kati ya mabega, pana uzito kama wa kiganja.

Mkunga alikwenda chuoni. Dada aliendelea na kazi, akaendelea kucheka na fundi viatu, lakini alibadilika. Neno ukata hakulitumia tena. Sufuria ikikombwa, alinyamaza. Taa ikizimika, alinyamaza. Fundi alipoinamia kigoda na kusema shikamoo, dada alimwambia kwa upole, "Usihangaike, shemeji. Hayupo hapo."

"Kaenda wapi?"

"Yuko ndani."

Fundi alicheka peke yake, kisha akaacha. Tangu siku ile akawa anasubiri moto nje.

Kikohozi kilianza msimu wa mvua. Nilimpeleka hospitali, daktari akapima, akasema ni mapafu. Moshi wa mkaa na majivu aliyovuta maisha yake yote. Dada alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru. Njiani akanishika mkono na kusema, "Yule daktari amesoma. Lakini hakuuliza nani ananikalia kifua."

"Dada, usiseme hivyo. Tuombe."

"Tuombe, Kitinda. Mimi sijaacha kuomba."

Na kweli hakuacha. Niliomba naye kila nilipomtembelea, na mchungaji akaja, akaomba. Baada ya kila amina dada alikuwa anafumbua macho na kutazama miguuni pa kitanda, mahali palepale, kama mtu anayehakikisha mgeni wake bado yupo. Mchana mmoja aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si mtu mbaya, unajua. Ila ni mzito." Kisha akasema, "Mkunga asome. Usimwache arudi kwa ajili yangu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Mungu amlaze pema.

Mkunga alikuja kwa mazishi akiwa na sare yake ya chuo ndani ya begi. Watu walipotawanyika, tukabaki wawili tu kuondoa vyombo vya msiba, nilimwuliza anarudi lini.

"Sirudi, mama mdogo."

"Una maana gani, hurudi?"

"Mama alilisema lile neno kwa ajili yangu. Nilikuwepo. Nilimwona uso wake." Alikuwa anapanga vikombe, hakuinua macho. "Alimwita, akaja, akamkalia. Nikirudi chuoni kuendelea kula kile alichonipatia, nitakuwa nimemla mama yangu."

"Mwanangu, Mungu haui mtu kwa sababu ya neno. Daktari alisema ni moshi."

"Basi liseme."

"Lipi?"

"Hilohilo. Wewe ndiye mtu wa kanisa, mama mdogo, umeimba kwaya tangu sijazaliwa. Hebu liseme humu ndani. Sijawahi kukusikia."

Nilifungua kinywa. Ni kweli, sikuwahi. Neno nililolisikia mahubirini na kulisoma darasani lilikuwa limenisimama kooni kama mwiba wa samaki. Kigoda kilikuwa pale kando ya mlango. Pasi ilikuwa juu ya meza, baridi, jogoo wake akiwa ametazama ukutani. Nikamkumbuka dada ukumbini na gauni lake la bluu, na nikafahamu kwamba nikinyamaza, atakuwa alilisema lile neno bure. Na yeye ndiye aliyenikabidhi huyu mtoto.

"Sisi ni maskini," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kubwa. "Umesikia wewe? Mama yetu alikuwa maskini, dada yangu alikuwa maskini, na mimi ni maskini, na huyu mtoto anakwenda shule."

Tulisubiri. Nje gari lilipita, mtu akamwita mwenzake, bomba la uani likadondosha maji. Mkunga alikuwa amenishika kanga. Kisha naye akalisema, taratibu, kama mtu anayejaribu barafu ulimini, na hapakutokea kitu.

Asubuhi iliyofuata aliwasha makaa mwenyewe. Akaibembeza pasi ya mama yake, akapuliza majivu pembeni, akalowesha kidole na kugusa. Nilisimama mlangoni nikiomba kimoyomoyo kwa muda wote ambao chuma kilipita juu ya sare ile nyeupe. Kola, mikono, mgongo. Nilipoona anainyanyua na kuitingisha, ikawa safi yote kama ilivyokuwa, nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Akavaa. Akachukua begi. Kisha, kwa haraka za safari, akajibwaga kwenye kigoda ili afunge kamba za viatu.

Sikuwahi kumwona binadamu ameketi pale. Kigoda kililia kidogo, kikanyamaza. Alifunga kiatu kimoja, akaanza cha pili, halafu mikono yake ikasimama. Akaweka kiganja pembeni mwa kiti, chini ya paja.

"Mama mdogo," akasema bila kuniangalia, "kina joto."

"Jua limekipiga," nikamwambia. "Funga viatu, utachelewa."

Aliniamini, au alichagua kuniamini. Alifunga, akanyanyuka, akanikumbatia, akatoka. Fundi viatu alimwita "Daktari" kwa mzaha, akamwambia mimba ya kwanza atakayoizalisha iwe ya mkewe, Mkunga akacheka kicheko cha mama yake mpaka akashika mbavu. Nilimtazama akiteremka barabara, mkunjo wa sare yake umenyooka mgongoni, mpaka akapinda kona.

Mlango wa dada unatazama machweo. Asubuhi jua halifiki pale.

Nilirudi ndani. Mwenye nyumba amesema vyumba vitolewe vitu kabla ya mwezi kwisha, na kigoda sijaamua kitakwenda kwa nani. Nilimwomba Mungu anipe moyo tulivu, na ninaamini amenisikia. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia chumba cha ndani, nikafagia sebule, na nilipofika mlangoni nilikizunguka kile kigoda taratibu bila kukisogeza, kama alivyokuwa akifanya marehemu.